Mluzi wa Zabibu

Haya yalimpata rafiki yangu Silas Trevenna, baharia wa manowari ya Kiingereza, na alinisimulia mara moja tu, tulipotia nanga Sydney.

Alhamisi, mazoezini, mzinga ulipasuka ukamuua swahiba wake, Jabez Coad. Ijumaa wakamzika baharini. Jumapili Silas akashuka chini ya sitaha kutoa kokwa za zabibu za keki, kazi waliyozoea kuifanya wawili. Sheria ya meli ni kwamba mtoa kokwa apige mluzi, ijulikane kwamba hazili. Jabez akinyamaza kidogo tu, watu walikuwa wakiangua kicheko: "Coad kashaanza kutafuna!"

"We Trevenna!" mpishi alifoka kutoka jikoni. "Mbona kimya? Unakula nini humo?"

Silas akajaribu, lakini ilitoka pumzi tu. Hapo, gizani ng'ambo ya bakuli la zabibu, mluzi ukaanza, wimbo uleule wa Jabez.

"Haya, hivyo ndivyo!" mpishi akasema.

Silas hakuthubutu kuinua macho. Alisikiliza huku machozi yakimdondokea mikononi, mpaka mluzi ukakatika ghafla.

Kisha, ng'ambo ya bakuli, mtu akaanza kutafuna.