Kiti cha Utingo

"Usifunue ukurasa kwanza, dada. Sijamaliza."

Sauti ilitokea nyuma ya sikio lake. Foleni ya kampuni ya simu ilikuwa imefika mlangoni, watu wamebanana, mashine ya kuita namba inalia na hakuna anayeitwa, naye Msusi alikuwa amezama katika riwaya yake hata asijue kwamba kuna mtu anaisoma pamoja naye. Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, shati la bluu lililonyooshwa pasi, miwani ya fremu nyeusi, na haya kidogo usoni, ingawa si za kutosha.

"Kwa hiyo unasoma kitabu cha mtu bila ruhusa?"

"Ndiyo naomba sasa."

"Umeanzia wapi?"

"Dereva alipopasukiwa tairi mlimani. Ila huyu mwandishi ananikera. Lori kubwa namna ile halina utingo? Nani anaweka kigingi nyuma ya gurudumu?"

Msusi alikifunga kitabu, kidole chake kikabaki ndani. Miezi ile mji mzima ulikuwa ukisoma riwaya hiyo, habari za mwanamke anayeendesha lori la masafa marefu, na mchumba wake karani anayemtaka aache usukani. Wasomaji walimwita Dereva tu, utadhani ni jirani yao. Msusi hakupenda Dereva aguswe.

"Dereva hahitaji utingo. Ni mwanamke anayejitegemea."

"Kujitegemea hakuzuii lori kurudi nyuma, dada yangu."

Msusi alicheka bila kutaka. "Kwani wewe ni dereva?"

"Mimi ni fundi miwani. Nakata vioo. Macho yangu ya mbali ni mazima, ya karibu ndiyo mabovu. Ndiyo maana kitabu kinasomeka vizuri kikiwa mkononi mwako."

Mtu akisema neno kama hilo foleni haijasogea, unamjibu nini? Msusi alimpa namba yake ya simu.

Saluni aliyofanyia kazi ilikuwa ya shangazi yake, dada wa baba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha na mkono mwepesi wa kusuka. Humo kulikuwa na sheria. Jumamosi alasiri riwaya ilisomwa kwa sauti, sura moja moja, na kila aliyeketi alitoa maoni. Mwanamume akiingia hakai mpaka naye aseme lake kuhusu sura iliyosomwa. Waume wengi walichagua kungojea wake zao nje juani. Fundi alikuja Jumamosi ya kwanza, akasimama katikati ya harufu ya mafuta ya nywele na mvuke, akasema yake kuhusu utingo, akapewa kigoda kando ya Msusi. Tangu siku hiyo kigoda kilikuwa chake.

Penzi likakolea. Jioni simu zilikuwa haziishi.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nakusubiri unisomee sura ya leo ndiyo nishibe."

"Macho yako mabovu, na tumbo nalo?"

"Tumbo linakusikiliza wewe tu, kata simu uone litakavyolia."

Basi ikafika sura ambayo karani anamwambia Dereva achague, yeye au lori. Saluni iliwaka moto. Mama Pacha, mteja wa siku nyingi, alitangulia kutoa hukumu chini ya mashine ya kukaushia. "Mwanamke yule ana kiburi. Atazeeka kakumbatia usukani."

"Angemwambia angoje mwaka mmoja," alisema bibi harusi mtarajiwa, aliyekuja kujaribiwa msuko wa siku yake. "Mtu haachi mume kwa sababu ya gari."

Msusi alisimama, kitana mkononi. Jambo hili lilimchoma tangu sura ya kwanza. "Nisikilizeni. Mwanamume akimwambia mwanamke 'usiende', huyo hapendi, anafuga."

Saluni ililipuka kwa vicheko na makofi. Fundi hakupiga makofi. Alivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Msusi aliona, asilitie maanani.

Haukupita muda Shangazi akamwita chemba. Alikuwa anafungua saluni ya pili katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na alimtaka Msusi akaisimamie. Msusi alikuwa ameiota kazi hiyo tangu alipojifunza kushika kitana. Alikimbia moja kwa moja hadi karakana ya Fundi, akamkuta ameinama juu ya mashine, vumbi jeupe la vioo limemjaa nyusini, na nyuma yake ubao wa herufi kubwa kwa ndogo. Alimweleza yote kwa pumzi moja. Fundi alizima mashine.

"Hongera sana, mpenzi. Ni jambo kubwa."

"Naondoka mwisho wa mwezi."

"Nenda. Usiangalie nyuma."

Msusi alingoja. Nje pikipiki ilipita, kelele zake zikaisha. "Huna lingine la kusema?"

Fundi alipangusa vumbi nyusini. "Nije nikusaidie kufunga mizigo?"

Msusi alitoka bila kuaga. Miezi yote ile ya kumwita kipenzi, kumbe hata kumwambia atamkosa hakuona haja? Usiku alilia. Asubuhi alipaka wanja, akaenda kazini, akaiacha simu ilie. Ilipolia sana alijibu neno moja tu, "Niko kazini," akakata. Jumamosi Fundi hakuja, na Msusi aliweka mkoba wake juu ya kigoda ili kisikae wazi kumtazama.

Shangazi alistahimili, halafu akachoka. "Wewe unamsuka mtu au unamng'oa? Una nini?"

"Hata hajaniambia nisiende, Shangazi."

"Ulitaka akuambie?"

"Ndiyo."

"Ungebaki?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Nilitaka anizuie, nimkatalie huku nalia."

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Alipopata pumzi alimtazama mpwa wake kwa huruma. "Mwanangu, si wewe uliyesimama hapa ukasema anayesema 'usiende' anafuga?"

"Ile ilikuwa riwaya. Nilikuwa namsema karani."

"Yeye anajua hilo? Mtu aliyekaa hapo akiyameza maneno yako kama dawa ya kutwa mara tatu?"

Kitana kilimdondoka Msusi. Aliona tena miwani ile safi ikifutwa. Aliona aibu, akajionea na huruma, kisha akampenda mtu yule upya kwa hasira. Aliinua simu.

"Jumamosi tunasoma sura ya mwisho," alisema. "Njoo."

Fundi aliuliza, "Nitaruhusiwa kukaa?"

"Itategemea maoni yako."

Jumamosi hiyo saluni ilifurika, kwa ajili ya kitabu na kwa ajili ya kumuaga Msusi. Alivaa gauni la njano alilojishonea kwa safari. Bibi harusi mtarajiwa, ambaye sasa alikuwa bibi harusi kamili, alisoma hadi neno la mwisho: Dereva anawasha lori alfajiri, karani amebaki getini, vumbi linatua. Wengine walipiga makofi, wengine walipenga kamasi. Mama Pacha alisema yeye alijua tangu mwanzo, na hakuna aliyembishia.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, shati lile lile la bluu.

"Fundi," Shangazi aliita, "maoni."

"Karani amekosea," alianza. "Hilo tulishakubaliana. Lakini naona na sisi wasomaji tumekosea. Tumegombana kitabu kizima, aende, asiende. Lile lori lina kiti cha pili. Dereva anaweka mfuko wake wa nguo pale, tangu sura ya kwanza. Karani hakuuliza hata siku moja kama kinakalika."

Mtu alizima mashine ya kukaushia.

"Na mimi sikuuliza. Niliogopa kuitwa mfugaji, nikanyamaza, nikajiona muungwana."

"Nilimsema karani," Msusi alisema polepole. "Sikukusema wewe."

"Basi nauliza sasa. Huko unakokwenda kuna watu wenye macho mabovu?"

Vicheko vilianza, Shangazi akavizima kwa mkono.

"Hospitali ya huko inatafuta fundi wa kukata vioo," Fundi aliendelea. "Sijawajibu. Siwezi kupanda lori la mtu bila kuitwa."

Msusi alitaka kujifanya mgumu, midomo ikamsaliti. "Utingo hamfundishi dereva njia."

"Nitaweka kigingi na kunyamaza."

"Usininyamazie tena. Kimya chako kimeniuma kuliko huyo karani na maneno yake yote."

"Ngojeni kwanza," Shangazi aliingilia. "Mimi ndiye mwenye binti. Huyu ni utingo wa kupakia mizigo, au utingo wa kuleta posa?"

"Wa posa, Shangazi. Nyumbani wanajua. Walikuwa wanangoja niache kuzubaa."

Wanawake wote walimgeukia Msusi, hata Mama Pacha, rola zikiwa kichwani. Aliinama, akauondoa mkoba wake juu ya kigoda, akauweka sakafuni.

"Kaa," alisema.