Jina Kwenye Boriti ya Mwisho

Asikudanganye mtu kuhusu lile jengo refu la mji wetu wa Hackford. Wengi wanaolisimulia walikuwa chini, shingo zimewapinda, wanatazama mawingu. Mimi ndiye niliyeendesha lifti ya mafundi kutoka matopeni hadi ghorofa ya tisini na moja, na hakuna aliyepanda wala kushuka bila kupita mkononi mwangu. Nimeyaona yote kwa macho haya mawili, na la kushoto ndilo zuri zaidi.

Ulianza mlio mdogo tu.

Zenon Wolak alikuwa fundi wa kuunganisha vyuma, mtu wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, anayetembea juu ya boriti kama wewe unavyotembea sebuleni kwako. Kazi ile hufanywa na wawili: kreni inaleta boriti, mmoja anaidaka upande huu, mwenzake upande ule. Huko juu upepo unameza maneno, kwa hiyo ukishatia bolti zako unagonga chuma kwa spana mara mbili. Mwenzako naye akiwa tayari anajibu mara mbili. Hapo ndipo kreni inaachia.

Asubuhi moja ya Machi, ghorofa ya sitini na moja, Zenon aligonga. Akajibiwa. Akampa ishara mwendesha kreni aachie, ndipo akatazama upande wa pili. Hapakuwa na mtu. Dermot Feeney, mwenzake kazini kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa bado anapanda ngazi na chupa ya kahawa kwapani.

"Nani kagonga?" Zenon akauliza.

"Mimi ndiyo kwanza nafika. Umeanza kuzeeka, Paka."

Paka: jina hilo alimwita Dermot peke yake, kwa ajili ya ule mwendo wake. Na Dermot huyo ndiye aliyemshika binti wa Zenon siku ya ubatizo, akawa baba yake wa ubatizo.

Wakaenda kuangalia. Bolti zilikuwa zimetiwa zote nne, zimekazwa sawasawa. Zilikuwa zimelowa, zinanuka tope la bwawa.

Nikwambie kwanza, Zenon hakulitaka jengo lile. Mwaka mmoja kabla, meya aliita mkutano. Akasema tumechoka kukaa ng'ambo ya mto tunatazama taa za New York. Na sisi tujenge refu, watutazame wao. Zenon na Dermot walikubaliana kupinga pamoja. Zenon akasimama wa kwanza, kofia mkononi.

"Gari letu la zimamoto lina ngazi ya ghorofa kumi," alisema. "Hizo themanini zilizobaki, watu wataruka? Na hao watakaokaa juu huko, madirisha yao yataangalia New York. Sisi watatuachia kivuli."

Watu wakapiga makofi. Kisha Dermot akasimama, shati limepigwa pasi, akasema mji usiothubutu ni mji wa wazee, na fundi anayeogopa urefu akafuge kuku. Ukumbi ukacheka. Zenon hakucheka. Kwenye benchi alikuwa amemwekea nafasi ya kukaa.

Mwezi uliofuata Dermot akapewa unyapara wa jengo. Zenon alinuna wiki mbili, akasamehe, akaja kazini, maana fundi wa chuma anayechagua majengo hafiki mbali. Na Dermot, nyapara mzima, akasema boriti za Paka atazishika mwenyewe, hamwamini mtu mwingine na maisha yake. Maneno matamu yale. Hata mimi yaliniingia.

Baada ya ule mlio, mambo yakazidi. Kila walipopita ghorofa, nyayo za maji zilikuwa zimetangulia juu ya chuma, nyayo zisizo na vidole. Harufu ya matete yaliyooza ikawafuata hadi ghorofa ya themanini, mahali ambapo hata nzi hafiki. Siku moja nikapandisha watu kumi na wanne, nikashusha kumi na watano, nimewahesabu kwa kidole, na nilipofungua mlango chini wakatoka kumi na wanne.

Zenon akaenda kwa Mama Nereida, mama wa Puerto Riko mwenye duka la mishumaa na majani ya dawa karibu na kinyozi. Mama akainusa glavu yake, akairudisha haraka.

"Hili ni jini la bwawa," akasema kwa sauti ya chini. "Mji wote huu ni bwawa lililofukiwa. Mlipojenga ghorofa tano, sita, lilikuwa limelala. Sasa mmelikanyaga mpaka limeamka."

"Lakini New York wana marefu kuliko letu, mama."

"New York imekaa juu ya mwamba, mwanangu. Sisi tumekaa juu ya kifua cha mtu."

"Linataka damu?"

"Damu litaifanyia nini? Linataka jina. Huko juu halina jina, haliwezi kushuka kuishi na watu. Likipewa jina, litaingia nyumba ya mwenye jina, litakula kwenye sahani yake. Usilipe jina lako."

Zenon akajua papo hapo. Sisi watu wa vyuma tuna desturi: boriti ya mwisho hupakwa rangi nyeupe, kila fundi akaandika jina lake, ikafungwa bendera na msonobari mdogo, ikapandishwa. Hata mgonjwa aliye nyumbani, rafiki yake humwandikia, ni wema, haulizwi mtu.

Akamkuta Dermot ameketi peke yake kwenye ndoo ya rangi, akamweleza. Dermot hakufanya mzaha.

"Mimi linaniita, Paka," alinong'ona. "Kila siku, kutoka ndani ya nguzo. Linasema, wewe ndiye uliyenitetea mkutanoni, nipe jina."

"Basi tusiandike. Wewe usiandike, na mimi siandiki."

"Hatuandiki."

Wakapeana mikono. Niliiona mikono ile.

Siku ya boriti ya mwisho, saa sita mchana, ukungu ulikuwa mzito na upepo umetulia. Chini kulikuwa na meya, bendi ya shule na soseji za kuchoma. Juu, ukiniacha mimi mlangoni mwa lifti, walikuwa wawili tu, Zenon upande wa mto, Dermot upande wa mji, na boriti nyeupe ikaibuka kutoka kwenye ukungu taratibu, msonobari wake ukidondosha maji ijapokuwa mvua haikunyesha, harufu ya tope ikitangulia mbele yake kama pumzi ya mtu aliyekufunulia kinywa usoni, na Zenon akainyooshea mikono, akaivuta, akasoma majina ya vijana wote aliofanya nao kazi, moja baada ya jingine, akitafuta la Dermot asilione, akishukuru kwamba halipo, mpaka mkono wake ulipofika mwisho wa boriti na pale, kwa wino mweusi, kwa mwandiko ulioinamia kushoto alioujua kwa miaka ishirini na miwili, akasoma: Zenon "Paka" Wolak.

Akafuta kwa mkono wa koti. Wino haukutoka. Ulikuwa umezama ndani ya chuma.

"Dermot," alisema, wala hakupaza sauti. "Umeniandika."

"Nina watoto watatu, Paka."

"Mimi nina mmoja. Ulimshika wewe."

Dermot akalia. Machozi yalimtoka hadi kidevuni.

"Usigonge," Zenon akamwomba. "Tuirudishe chini. Usigonge."

Dermot akainua spana, akagonga mara mbili. Zenon hakujibu. Chuma kikajibu chenyewe, kutoka ndani, mara mbili.

Nilimshusha Zenon akiwa peke yake. Getini mlinzi akatazama daftari, akamwambia, "Wolak ameshatoka, bwana. Wewe nani?" Zenon akadhani utani. Nyumba zetu ziko mtaa mmoja, nikamfuata kwa nyuma.

Mlangoni kwake palikuwa na buti zilizolowa. Akabisha hodi.

"Nani?" Alikuwa mkewe, Iwona.

"Ni mimi. Zenon."

Iwona akasema kwa woga, mlango haujafunguliwa, "Zenon yuko mezani anakula. Nenda zako, kaka, nisije nikaita polisi."

"Iwona, mke wangu, nichungulie tu dirishani."

Pazia likafunguka kidogo. Akamtazama usoni, muda mrefu, kwa huruma, kama unavyomtazama mtu usiyemjua aliyepotea. Pazia likafungwa. Ndani, kwenye meza, kijiko kikagonga sahani mara mbili, na sauti ya Zenon mwenyewe ikauliza, "Ni nani huyo, mpenzi?"

Akasimama pale akitafuta la kujibu. Jina jingine hakuwa nalo.

Jengo lipo, lina watu, na madirisha yao yanaangalia New York. Yote niliyosema niliyaona, isipokuwa jambo moja nililitia mwenyewe, kwa sababu nilishindwa kulisimulia bila hilo. Dermot hakulia.