Anaumwa Tu

Shakila alipasua korosho nyingine, akaitazama ndani. Madoa. Akaitupa kwenye bakuli la kushoto. Nusu ya sampuli ya kupima ubora ilikuwa bado, na mafuta ya maganda yalikuwa yamepenya glavu, yakimchoma vidole.

Tangu asubuhi alikuwa amempigia baba yake, kijijini Chilangala, huko Newala, mara tatu. Simu iliita tu.

Kisha wapakiaji mlangoni mwa ghala, watu wasiojua kunyamaza, wakanyamaza. Veridiana, mwenzake wa meza, akakwepa macho yake.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada. Kata korosho."

Hamudi, msimamizi wao, akatoka ofisini. Shati jeupe, pasi kali kama ya Ijumaa, ufunguo wa gari mkononi.

"Shakila, vua aproni. Twende Newala."

"Leo bosi ana ruhusa za kugawa?" Shakila hakuinua uso. "Wiki tano zilizopita hukuwa nazo."

Kabla ya hizo wiki tano alikuwa mpenzi wake. Kila jioni simu: "Umekula, malkia?" "Nimekula, Mtanga wangu. Ila uniite malkia mbele ya wapakiaji uone!" Kisha Shakila akasikia mama yake anaumwa. Akaomba ruhusa, Hamudi akamwambia amalize kwanza gunia lake, watatoka wote mchana. Walifika Chilangala watu wakitoka makaburini kumzika. Tangu hapo ilikuwa bosi, ndiyo bosi, hapana bosi, na barua ya kuomba uhamisho wa kazi imo mkobani.

"Mjomba Yassini amenipigia," Hamudi alisema taratibu. "Baba anaumwa."

Vidole vya Shakila vikaacha mkasi wa kupasulia. Kwao msiba hausemwi kwenye simu. Mfiwa huambiwa kuna mgonjwa, hutafutiwa mtu wa kumsindikiza, kilio akikute nyumbani.

"Mjomba amepata wapi namba yako?"

"Anayo tangu siku ya msiba wa mama."

"Siku ya mama ulijua?"

"Alinikataza kukwambia. Alisema nikulete tu. Nikahangaika kutafuta gari, saa tatu nzima sikupata. Nikakuachia gunia ili usikae bure na hofu."

"Na wiki zote hizi ukakubali nikuchukie?"

"Ningekwambia, ungemchukia mjomba. Mimi unaweza kuniacha. Yeye utamwacha vipi?"

Nje wingu lilikuwa limetanda upande wa milimani, jeusi, halisogei. Shakila akasimama, akamkazia macho.

"Baba anaumwa kweli, Hamudi, au anaumwa kama mama alivyoumwa?"

Veridiana akaziba mdomo. Hamudi alimsogelea.

"Kama mama. Alfajiri. Nimemwambia mjomba wasimzike kabla hujafika. Amenitukana sana. Kisha amekubali kungoja mpaka alasiri."

Shakila aliketi juu ya gunia. Aliitafuta ile hasira aliyolala nayo na kuamka nayo, aishike hiyo, asilikabili hili jipya. Hakuiona. Alimwona mwanamume aliyevunja neno la mjomba mbele ya ghala zima.

Akamnyooshea mikono.

Hamudi akapiga magoti, akamvua glavu kidole kimoja kimoja. Mafuta yakamchoma naye. Hakuachia.

"Mpenzi, gari linangoja."

"Usiendeshe kwa kasi," Shakila alinong'ona. "Nimebaki na wewe tu."

"Na hizi zilizobaki, dada?" Veridiana aliuliza huku akilia.

"Zifunike. Nikirudi nitazimaliza."