Picha ya Gesi Niliyoirusha Kwenye Grupu

"Ansbert, Dokta anapiga saa nne. Akinifuta kwenye mradi nimekwisha!"

Kulwa alikuwa ameshika simu. Mchumba wangu huyu, mtoto wa Nkololo, mwalimu wa fizikia hapa Bariadi. Jumamosi wazee wangu wangepeleka ng'ombe wa mahari kwao.

"Tulia mama, utasikilizwa," nikasema. Mwongo mkubwa mimi!

Miaka miwili Kulwa amekuwa akisomea shahada ya pili akichambua mawimbi ya redio kutoka galaksi ya mbali. Katikati yake kuna shimo jeusi linalomeza kila kinacholikaribia, limefunikwa na vumbi, mwanga haupenyi. Lakini kuna gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la mkaa inayoua watu ndani, na mawimbi yake yanapenya. Kwa hayo Kulwa akaona pete ya gesi baridi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Akanionyesha picha yake, akaniambia, "Usimpe mtu, bado hatujaichapisha."

Nami kwa kiherehere nikairusha kwenye grupu la kamati ya harusi: "Oneni mambo ya shemeji yenu!" Watu mia na ishirini. Nikaifuta baada ya dakika kumi. Wapi! Juzi ikaonekana mtandaoni, watu tusiowajua wanajisifu nayo kama yao.

Siku mbili Kulwa analia, siku mbili mimi kimya. Niliogopa, jamani. Ningesema, angeniacha.

Simu ikaita. Akaweka spika.

"Kulwa, picha mlikuwa nayo wewe na mwanafunzi mwenzako Marcelo tu," alisema Dokta Specioza, msimamizi wake. "Nani kaitoa?"

"Siyo mimi, Dokta, naapa! Ni Marcelo. Nimeshamwandikia kwamba ni mwizi."

"Basi namwondoa leo."

Papo hapo ujumbe wa Marcelo ukaingia, nikausoma begani kwake: "Kulwa, mama ananisomesha kwa kuuza mchele. Nikifukuzwa kwa wizi nitamwambia nini? Mungu anajua sijafanya."

Nikaisogelea simu.

"Dokta, usimwondoe! Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Ansbert, mchumba wake. Niliirusha kwenye grupu la harusi. Marcelo hana kosa, wala Kulwa hakujua."

Dokta akasema, "Marcelo anabaki. Kulwa, na wewe unabaki, ila utamwomba radhi mbele ya wenzako." Akakata.

Kulwa alinitazama kama mtu asiyenijua.

"Nisamehe, mpenzi. Ilikuwa ni kujivuna tu."

"Kujivuna ningekusamehe. Ila ulinitazama nalia siku mbili, ukaniacha nimtukane mtoto wa watu! Nakupenda, Ansbert, na sasa nakuogopa. Mpigie baba yako, nasikiliza."

"Kulwa, tafadhali..."

"Piga!"

Nikapiga.

"Haloo mwanangu!" Baba alikuwa anacheka, ng'ombe wanalia nyuma yake. "Tuko mnadani, tumepata mitamba safi kweli! Mkwe hajambo?"

Nikamtazama Kulwa. Machozi yanamtoka, hayafuti.

"Baba, msipeleke Jumamosi."

"Eti nini? Wamekataa?"

"Hawajakataa. Nimemkosea binti yao, na nimemficha ukweli. Akiwa tayari kunisikiliza, nitakwambia mpeleke lini."

Kulwa akachukua simu mkononi mwangu, akapiga goti kidogo kama baba yuko mbele yake.

"Shikamoo baba," akasema, sauti inakatika. "Ng'ombe wasirudishwe. Wasubiri tu."