Mifuko ya Mchanga ya Fundi Bernardo

Ilikuwa miaka ile ya Azimio la Arusha. Fundi Bernardo alishona nguo Kanyenye, mjini Tabora. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la Bwana Dinesh. Kutwa nzima aliinama akikanyaga pedali. Jioni mabega yalimuuma, na mgongo ulikataa kunyooka.

Dinesh alimzidi umri. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alinyanyua vyuma uani kwake. Vyuma hivyo vililetwa kwa treni kutoka Dar es Salaam.

Siku moja Tekla, mke wa Bernardo, alimletea mumewe chakula. Akamwona Dinesh akishusha majora ya kitambaa.

"Baba Modest, mwone mwenzako," alisema. "Mgongo umenyooka kama wa kijana!"

Ugali ulimkwama Bernardo kooni. Wivu ulimchoma kwelikweli. Mke wake mwenyewe anamsifu mwanamume mwingine, tena mbele yake!

"Anachezea vyuma kwa kuwa anavyo," alinung'unika. "Babu yangu alibeba pembe za ndovu toka Kwihara hadi pwani. Mnyamwezi hafundishwi kubeba mzigo!"

Akainuka. Akakumbatia gunia la karanga lililokuwa mlangoni. Akabana pumzi, akavuta. Gunia lilitikisika kidogo tu. Maumivu yakamkata kiunoni, akabaki ameinama, hawezi kusimama wala kukaa.

Aliyemkimbilia na kumshika asianguke ni Dinesh. Bernardo alitamani ardhi impasukie.

Hospitali walisema mfupa ni mzima, ila msuli umevutika. Wakamwonya: akiumia tena hivyo, huenda akashindwa kushona. Bernardo aliogopa. Cherehani ndiyo iliyowalisha.

Koleta, muuguzi, alikuwa jirani yao nyumbani, katika mtaa wa Ng'ambo. Alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, Baba Modest."

"Marahaba, mwanangu. Nikipona, nitafutie vyuma kama vya Dinesh. Siwezi kushindwa na yule."

Koleta alicheka. "Babu yako alianza na pembe siku ya kwanza?"

Bernardo alifikiri. "Hapana. Alipokuwa mtoto alibeba sufuria ya baba yake. Halafu mikeka. Pembe zilikuja baadaye."

"Basi na wewe anza na sufuria."

Maumivu yalipokwisha, Koleta alimwelekeza. Bernardo alishona mifuko miwili midogo ya kitambaa cha marekani. Aliipiga mshono mara mbili ili isivuje, akatia mchanga kidogo. Alitafuta mpira wa ndani wa baiskeli usio na nyufa, akaufunga kwenye nguzo imara. Mkeka ulikuwapo. Kiti kisichoyumba kilikuwapo pia, cha kuketi na kusimama, kuketi na kusimama.

"Mchanga!" alisema Bernardo. "Dinesh akiniona atanicheka."

"Kujitegemea si maneno ya mkutanoni tu, baba," alijibu Koleta. "Kwanza tembea uani, mwili upate joto. Vuta mpira polepole, mabega yafunguke. Usibane pumzi. Mfuko ukishakuwa mwepesi kwako, ongeza mchanga kidogo. Ukisikia maumivu makali au kifua kubana, acha, uje hospitali. Na kazini uinuke kwenye cherehani mara kwa mara."

Bernardo alifuata. Mwanzoni Tekla alitazama tu. Baadaye naye alishika mpira, wakawa wanapokezana huku wakitaniana.

Mpunga ulipovunwa, Bernardo alikuwa anashona kutwa bila kuumwa mgongo. Jioni moja Dinesh alimletea kitambaa nyumbani. Aliwakuta uani. Tekla alikuwa anavuta mpira, na Bernardo anamsahihisha, wote wanacheka.

Dinesh alisimama akiwatazama.

"Fundi," alisema, "mimi vyuma ninavyo, lakini nafanya peke yangu. Mke wangu Damyanti magoti yanamuuma. Vyuma vile hata kuvigusa anaogopa. Nyinyi mko wawili."

Bernardo aliutazama uso wake. Alitambua kilichokuwamo. Wivu ule ule uliomkwamishia ugali kooni, leo ulikuwa kwa Dinesh. Angeweza kufurahi. Lakini alikumbuka mikono iliyomshika asianguke.

"Mlete Damyanti Jumapili," alisema. "Koleta atamtazama magoti. Mifuko nitamshonea mimi."

"Na mimi je?" aliuliza Dinesh. "Mimi nimezoea vyuma vizito."

Bernardo alinyoosha mgongo wake wote.

"Hapa kwetu, bwana, kila mtu anaanza na sufuria."