Kikohozi Katika Pamba

Rafiki yangu Obadia, mpakuzi wa meli hapa Bermuda, aliniapia kwamba haya yalimkuta. Meli ya mvuke, ya kusukumwa na magurudumu ya makasia, ilikuwa imetoka Wilmington, Marekani ya Kusini, na kupenya kati ya manowari za Kaskazini zilizofunga bandari wakati wa vita, imesheheni pamba. Kule Wilmington, kabla ya safari, walinzi hufukiza moshi tumboni mwa meli ili watumwa waliojificha watoke wakikohoa.

Kwenye gati la Bermuda alikuwa akisubiri Kezia, jirani wa Obadia, aliyetangulia kutoroka utumwani. Mumewe, Lemueli, alikuwa ameahidi kumfuata, amejificha ndani ya pamba ya meli hiyo.

Obadia aliposhuka gizani tumboni mwa meli, alisikia mtu anakohoa nyuma ya marobota ya pamba.

“Shemeji? Toka, bwana! Au unangoja ubebwe kama bwana harusi?”

Kikohozi kikajibu.

Wakapakua marobota yote, hadi la mwisho. Hapakuwa na mtu.

“Twende, dada,” Obadia akamwambia Kezia, aliyekuwa ameshashuka.

“Nyamaza, kaka. Ni yeye. Namjua anavyokohoa.”

Kezia akapiga magoti kwenye mbao tupu, akanyoosha mikono gizani. Kikohozi kikaja tena, karibu kabisa na uso wake, kikififia, kikififia, mpaka ikabaki pumzi tu. Kisha pumzi nayo ikakatika, na kilemba cheupe cha Kezia kikaanza kunuka moshi ule wa Wilmington.