Hodi ya Tatu

Jioni ile Jamleck aliteremka kilima cha Muthangari na kipande cha kioo cha manjano kwapani. Alikifunga kwa gazeti, akakifunga tena kwa sweta, akakibeba kama mtu aliyetumwa keki ya harusi ya watu wengine.

Harusi yake mwenyewe haikuwahi kufanyika. Alikuwa mhudumu wa ndege, akawamiminia watu chai juu ya mawingu ya Bombay, London na kwingineko, na kila mwaka alijiambia: mwakani nitaoa. Mwakani haikufika. Alistaafu na kitambi, pasipoti iliyochakaa kwa mihuri, na nyumba yenye mwangwi mzuri sana.

Kwa hiyo alibuni mchezo. Kila jioni, kabla ya kutia ufunguo, aligonga mlango wake mwenyewe.

"Hodi!"

Kisha akajijibu kwa sauti nyembamba, ya mke asiyekuwepo: "Karibu, mzee. Umechelewa."

Anacheka. Anaingia. Anawasha taa. Basi, siku imekwisha.

Mlango huohuo ndio uliompeleka darasani. Kioo chake cha juu kilikuwa kimevunjika, na badala ya kumwita fundi kama watu wenye akili, Jamleck alijiunga na darasa la vioo vya rangi ambalo Cate aliliendesha ndani ya gereji yake, Spring Valley, kila Jumamosi mchana. Alisema anataka kujifunza. Ukweli ni kwamba alifuata watu. Watu, na mandazi ya Cate.

Kila darasa lilianza vilevile. Cate huinua kazi ya kila mwanafunzi dirishani, mwanga upite, halafu anauliza: "Umefika wapi?"

Mzee Ephantus, shemasi mstaafu, alikuwa akitengeneza njiwa wa kanisani, lakini kila wiki njiwa alizidi kuwa kuku. Zainab, mama wa Mombasa mwenye duka la vitambaa mjini, alikuwa anamaliza nyota. Jamleck alichora mlango ulio wazi, na juu yake taa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa taa. Kila alipoikata, ilipasuka.

"Hii ndiyo manjano ya mwisho," Cate alimwambia siku hiyo. "Ikatie nyumbani, pole pole. Na mdomo ufunge, Jamleck. Huwezi kukata kioo na kupiga domo."

Basi alipofika nyumbani akakiweka mezani, hakijakatwa, akalala.

Asubuhi kilikuwa kimekatwa.

Alikitazama. Akajikuna. Aliwahi kugawa chakula ndani ya ndege akiwa nusu usingizini, mbona asikate kioo? Akajipongeza kwa yai la pili.

Jumamosi Cate alikiinua dirishani, akapitisha kidole ukingoni. Akapitisha tena.

"Nani alikukatia?"

"Mimi, mwalimu. Kwani sina mikono?"

"Kioo kikikatwa huacha ukingo mkali." Cate alikirudisha mezani haraka, kama kitu cha moto. "Hiki ni laini. Ni kama... peremende iliyonyonywa."

Mzee Ephantus alicheka. Jamleck naye akacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote. Wakakizungushia ukanda wa risasi, ile metali laini ya kushikia vioo, wakachomelea, na Jumatatu fundi Makau akaja kuifunga kazi nzima mlangoni.

Jumamosi iliyofuata, zamu yake ilipofika, Jamleck hakuwa na cha kuinua dirishani. Alikuwa na maneno tu.

"Mwalimu, mimi nimefika mwisho! Mngeiona jioni nikirudi. Nikiwa bado getini naiona inawaka, nyekundu, kijani, na ile taa ya manjano inanimulika mpaka viatuni. Mtu mzima kama mimi, nusura nilie."

Zainab aliweka chini kisu chake cha kukatia kioo.

"Kaka Jamleck. Kioo cha rangi huonekana kikiwaka toka nje iwapo taa iko ndani."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe uko nje."

"Eeh."

"Basi nani kaiwasha?"

Mashine ya kusaga kingo iliendelea kuzunguka peke yake mpaka Cate akaizima.

"Nasahau kuzima," Jamleck alisema. "Uzee."

"Wiki nzima hii stima hakuna," Mzee Ephantus alinong'ona. "Mgao wa umeme. Si tunakaa mtaa mmoja?"

Jamleck alitafuta mzaha. Kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, hakuupata. Badala yake akawaeleza juu ya mchezo wake wa hodi. Akaiigiza hata ile sauti nyembamba. Hakuna aliyecheka.

"Na siku hizi," Zainab aliuliza taratibu, "anayejibu ni wewe?"





Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alijijibu mwenyewe.

"Kwetu," Zainab alisema, "ukiingia nyumba tupu unatoa salamu. Salamu ni ya mwenye nyumba. Hodi ni ya mgeni, anaomba ruhusa. Wewe kila jioni waomba ruhusa, waomba, waomba... mwisho atatokea wa kuitoa. Na akishakuwa mwenyeji, mgeni ni wewe. Leo usibishe hodi. Tia ufunguo, fungua, salimu kwa sauti ya mwenye mali yake."

"Nikibisha?"

"Mgeni hubisha mara tatu, kaka. Asipojibiwa ya tatu, huenda zake. Ndiyo adabu."

Alifika nyumbani giza likiingia. Mtaa mzima ulikuwa mweusi. Mbwa hawakubweka. Hata jenereta ya jirani ilinyamaza.

Mlango wake uliwaka.

Rangi zilimwagika ngazini, zikapanda juu ya viatu vyake. Harufu ikamjia... chai ya tangawizi. Na chini ya tangawizi, mafuta ya taa. Jamleck hakuwa na taa ya mafuta.

Akatoa ufunguo.

Ndani, slipa zikaanza kuburuzika. Shwaa... shwaa... Alizijua. Zilikuwa zake. Zikaja mpaka nyuma ya mlango, zikasimama. Kivuli kikaziba taa ya manjano, na rangi zote ngazini zikafifia.

Kitu kilikuwa kikipumua pale. Kikingoja.

Maneno aliyapata. Yalikuwa ulimini. Angetia ufunguo, angesalimu, na taa ile ingezimika, na nyumba ingekuwa yake. Yote. Vyumba vyote, sahani moja, na mwangwi.

Alikumbuka mahoteli yote aliyolala duniani. Milango ile yote yenye namba. Nyuma ya mlango hata mmoja hapakuwahi kuwa na mtu anayemngoja.

Akarudisha ufunguo mfukoni.

"Hodi," akanong'ona.

Komeo likasogea.

"Karibu, mzee. Umechelewa."

Ilikuwa sauti ileile nyembamba ya mzaha wake. Ila mzaha haukuwamo.

Ndani hakuona mtu. Mlango wa chumba chake cha kulala ulikuwa umefungwa. Mezani palikuwa na vikombe viwili, kimoja kimeshanywewa nusu. Kiti chake kilikuwa kimehamishiwa upande wa pili, na alipokigusa kilikuwa na joto. Basi akakaa kwenye kile cha wageni. Chai ilikuwa na sukari vile hasa apendavyo.

Darasani sasa, Cate akimwuliza amefika wapi, anajibu kwa ufupi. Ameanza kioo cha dirisha la chumba cha kulala, anakatiwa vipande nyumbani, kingo zake zote ni laini. Mizaha imepungua. Zainab humtazama, halafu huinamia nyota yake. Siku moja alimwuliza analala wapi siku hizi. "Sebuleni," akajibu, "pana hewa." Ufunguo aliuacha mezani kitambo, akaukosa. Mgeni hatembei na ufunguo.

Hakulalamika. Kila jioni taa ilikuwa inawaka. Kila jioni alijibiwa.

Ila wiki jana alibisha mara mbili ndipo akajibiwa.

Na leo yuko ngazini, mvua inamnyeshea, mtaa mweusi nyuma yake. Taa inawaka. Harufu ya tangawizi ipo. Ameshasema hodi. Ameshasema tena. Slipa zimekuja... shwaa... shwaa... zimesimama nyuma ya kioo, na kivuli kinamtazama kupitia ile manjano.

Hakijibu.

Hodi ya tatu iko mdomoni mwake. Ameifumbia midomo, hathubutu kuitoa. Desturi anaijua.

Asichojua ni pa kwenda.